Mashuka ya Wodi ya Wazazi

Mke wangu alikuwa ameshikwa na uchungu katika kituo kidogo cha afya hapa Sumbawanga, nami nimeketi nje kwenye benchi, karibu na dirisha la ofisi. Ndani, kamati ilikuwa ikijadili kama kazi ya kufua mashuka apewe mfanyabiashara wa mjini.

"Mwenzetu ana mashine," alisema mwenyekiti. "Sisi bado tunahangaika na kuni. Huu ni wakati wa soko huria."

Mkunga mkuu, mama wa makamo, alikunjua shuka la majaribio lililofuliwa na mfanyabiashara huyo na kuletwa asubuhi ile, akalinusa, akalinyoosha mbele yao. Nilichungulia. Doa la damu lilikuwa limefifia tu.

"Hili halikuchemshwa," alisema.

"Tumjaribu mwezi mmoja, mama. Akishindwa, tunamwachisha kazi."

"Huo mwezi tutakuwa tunamjaribu yeye, au wazazi?"

Mwenyekiti alivua miwani akaanza kuifuta. Hapo nikamsikia mke wangu akilia nyuma ya ukuta. Nilikimbia nyumbani nikachemsha khanga zake, nikazikausha kwa pasi ya mkaa kwa haraka hata nikajiunguza, nikampelekea.

Alijifungua salama, mtoto wa kike. Kamati nayo ikampa mfanyabiashara kazi ya ulinzi na usafi wa uwanja, mashuka yakabaki kwa mkunga.

Wasomaji wangu, soko huria silipingi. Hata redio yangu nimeipata humo. Ila redio ikiwa mbovu, nairudisha dukani.