Kamba Iliyopita Sebuleni kwa Mama Mkwe

Weka dau lolote utakalo, hakuna atakayeamini, lakini ilitokea mchana kweupe: Domo, msokota kamba, alipitisha kamba ya kivuko katikati ya sebule ya mama mkwe wake.

Kisiwa chenyewe ukipiga chafya huku, kule wanakupa pole. Mtaa ulionyooka ni mmoja tu, nao ndio karakana ya kamba. Gurudumu la ndoano liko mwanzo wa mtaa, wavutaji wanarudi kinyumenyume hadi mwisho, nyuzi za makumbi ya nazi zikining'inia kimo cha kiuno. Siku ya kusokota, fundi viatu anaingiza kigoda chake ndani bila kuambiwa, wenye baiskeli wanashuka, na hata kuku wa muuza sabuni huinama wakipita chini ya kamba, wakati hakuna cha kuwagonga. Domo shule aliiacha mapema, lakini mtaa ule anausoma hadi nukta.

Sasa mwenye kivuko akataka kamba moja ndefu, isiyo na kiungo. Wakishindwa, ananunua ya nailoni ng'ambo, na karakana imeshampoteza mteja wake mkubwa. Wenzake Domo wakakuna vichwa. Mtaa haukutosha. Ukifika mwisho unapinda, na kamba ikisokotiwa kwenye kona inafanya donge.

"Nani kawaambia mtaa unaishia pale?" Domo akawauliza.

Alishaona kwamba asubuhi jua linaingia nyumba ya mwisho kwa mlango wa nyuma na kutokea wa mbele, hadi barabarani. Milango imetazamana. Nyuma ni uwanja mtupu mpaka gatini.

Tatizo mwenye nyumba: mama mkwe wake. Domo aliwaapia wenzake kwamba mama yule hapitishi hata paka, sembuse kamba yenye vumbi. Akamtuma mkewe akabembeleze, yeye akajitia kupaka ndoano grisi.

Mke akarudi na jibu: aje mwenyewe. Domo akaenda, kofia mkononi, akatoa shikamoo yake, akaitikiwa.

"Nasikia kwangu hapiti hata paka," mama mkwe akasema.

"Maneno ya mtaani hayo, mama."

"Mtaani ni wewe. Makochi nimeshasogeza. Lete kamba yako, ila utasimama hapa hapa kuishikilia isiguse kabati langu la vyombo. Na sitaki kusikia neno."

Basi Domo, ambaye hata usingizini hubishana, akasimama sebuleni mchana kutwa na panda la mti mikononi, kamba ikitetemeka juu yake, katulia kama maji ya mtungini. Wenzake wakamtania dirishani. Akawajibu kwa nyusi. Kamba ikatoka ndefu, haina donge hata moja, na mwenye kivuko akaichukua jioni ile ile.

Siku hizi Domo anajigamba kwamba yeye ndiye aliyerefusha mtaa wa kisiwa bila kubomoa ukuta. Na ni kweli. Kuhusu mama mkwe wake tu, alikosea.