Jenereta Ilipowaka Nilitazama Chini

Hili sijamwambia mtu: leo niliamini kwamba baba yangu ni mwizi.

Mnajua anaendesha lile gari la tajiri wa Nyasubi, lenye kitanda na friji ndani, wanalouzia soda baridi machimboni. Tangu tumalize shule huwa namsaidia.

Leo jenereta ya friji, inayovuta petroli kwenye tanki la gari, ikakohoa, ikazima. Tena! Baba akasafisha kabureta, akabadilisha chujio. Wapi!

Akamimina dumu la akiba kwenye tanki. Ikawaka palepale.

Tajiri, aliyekuwa pale akitazama, akaguna. "Kumbe, Baba Kabula! Unawauzia wachimbaji petroli yangu, ukibanwa unairudisha? Lete funguo, kazi basi."

Baba akanitazama mimi.

Nami nikatazama chini.

Tajiri akaingia uvunguni mwa gari kutafuta petroli inaponyonywa. Jamani! Mpira wa mafuta wa injini unatokea chini kabisa ya tanki, ila wa jenereta unatokea ubavuni, juu zaidi. Petroli ikipungua, gari linatembea lakini jenereta haipati kitu. Na ni yeye mwenyewe aliyekataza tanki lisijazwe, eti vijana watainyonya!

Akatoka na vumbi kichwani. "Nisamehe, mzee wangu. Kaa na funguo zako."

Tukiwa njiani Baba akasema, "Nilikuona ulivyoinamisha macho. Uliumia kwa ajili yangu, eeh mwanangu?"

Nikajibu, "Ndiyo, Baba."

Nyie mngesemaje? Lakini mkija nyumbani, nawaomba sana, mbele yake msilitaje.