Vidonge Alivyomeza Kaka Yangu

Naitwa Somoe, wa Mkunya, Newala. Wengi mnanijua kwa jina la Mama Shadida. Nimeombwa nieleze nilivyopona homa ya uti wa mgongo. Nitaeleza, lakini siwezi kusema ya kwangu nikaacha ya kaka yangu Ismaili. Tuliugua pamoja, tukatibiwa kwa dawa zilezile, na aliyerudi nyumbani ni mmoja.

Zamani sikuwa mtu wa kulala-lala. Nilikuwa nalima muhogo na njugu mawe, na msimu wa korosho ukifika naamkia shambani kuokota, mwanangu Shadida mgongoni. Nilikwisha kuachana na mume wangu, nikawa naishi kwa baba na mama. Kaka alioa Lupaso, upande wa Masasi, akahamia ukweni, lakini kila mwaka alipanda huku kwetu kupuliza mikorosho. Mwaka mmoja kabla ya mambo haya, baba alikohoa miezi mingi. Yeye alisema ni vumbi la salfa, ile dawa ya kupuliza mikorosho. Mimi na kaka, aliyekuja kukaa nasi, ndio tuliolala naye chumba kimoja tukimwuguza mpaka akafariki. Baada ya mazishi hatukwenda kupimwa. Hatukujua kama tunatakiwa.

Kwangu kilianza kichwa. Asubuhi nafuu, jioni kinauma na homa juu. Nilitumia dawa za malaria, nikapata nafuu siku mbili, kikarudi. Wiki ya tatu nikaanza kutapika kila ninachokula. Mwanga wa mlangoni ulinichoma macho. Shingo ikakakamaa, nikawa siwezi kuinama kufunga kanga. Mama anasema siku moja nilimwita Shadida kwa jina la marehemu bibi, na mama aliponisahihisha nikagombana naye. Mimi hilo silikumbuki.

Kaka ndiye aliyekuja kutoka Lupaso akanipeleka hospitali. Tulipanda bodaboda, yeye nyuma yangu, amenifunga kwake kwa kanga mbili nisianguke. Nilimtapikia mikono njia nzima.

Daktari alikuwa mwanamke, mpole, si wa huku. Alitaka kunichoma sindano mgongoni achukue maji ya uti wa mgongo. Mama alikataa, alikuwa amesikia kwamba wanaochomwa hapo hupooza. Kaka akamwambia, "Mama, waache wamchome. Tukingoja, atatufia mikononi." Wakanichoma. Wakasema ni kifua kikuu kilichopanda kwenye utando wa ubongo.

Nilipewa dawa za kifua kikuu za kumeza mwaka mzima, na pamoja nazo deksamethasoni, sindano kwanza kisha vidonge. Daktari alieleza kwamba zile za kwanza zinaua vijidudu, na hii inatuliza uvimbe kichwani wakati vinakufa. Alisisitiza kwamba hii haikatishwi ghafla, hupunguzwa kidogo kidogo kila wiki.

Siku ya kumi na moja, kaka alianguka uani akinifulia kanga zangu. Wakamlaza wodi ya wanaume. Walipompima, ugonjwa ulikuwa uleule, na dawa alizopewa zilikuwa zilezile. Mama akawa anatembea kati ya wodi mbili na mabakuli mawili ya uji, akitupelekea habari. Mimi niliambiwa kaka anaendelea vizuri. Yeye aliambiwa mimi nakula.

Na kweli nilikuwa nakula. Ile deksamethasoni ilinipa njaa ya ajabu. Uso ukajaa, ukawa mviringo, hata macho yakapungua. Ndevu ndogo zikanitoka kidevuni. Siku zangu zikakoma, na mgonjwa wa kitanda cha jirani akaniuliza mimba ina miezi mingapi. Nililia sana. Nikaanza kukiweka kidonge chake chini ya ulimi, muuguzi akiondoka nakitema kwenye kitambaa. Siku mbili nilifanya hivyo. Siku ya tatu kichwa kilinirudia kama mtu anakipasua, muuguzi akakiona kitambaa. Hakunikaripia. Aliketi kitandani kwangu, akangoja mpaka nimeze, kila siku, mpaka nikazoea.

Kaka hakutema hata kimoja. Mama alisema alikuwa anauliza saa kabla muuguzi hajafika, na mkono tayari ameshaunyoosha. Lakini mwili wake ulikwenda njia nyingine. Sukari ilipanda, usingizi ukamkimbia, akawa anaongea mfululizo. Kisha jicho la kushoto likaanza kutazama pembeni. Mkono ukalegea. Mwisho akanyamaza.

Asubuhi moja mama alikuja na mabakuli yote mawili, yamejaa. Akaweka moja mbele yangu, na lingine kando yake. Akasema, "Mwanangu, kula na hili." Hapo nikajua. Nilikula uji wa kaka yangu mpaka chini, maana mama alikuwa amesimama ananitazama, na sikujua namna nyingine ya kumsaidia.

Nilipopata nguvu ya kukaa, nilimwuliza daktari. Nikamwambia mimi nilitema na yeye alimeza, kwa nini amekufa yeye?

Akanijibu, "Mama Shadida, sijui. Kaka yako alifika kwetu ugonjwa umeshapanda kuliko wako. Hilo nina hakika nalo. Wapo madaktari wanaojiuliza kama dawa hii hufanya kazi tofauti kwa mwanamume na kwa mwanamke, lakini hawajapata jibu moja. Nikikwambia umepona kwa sababu ni mwanamke, nitakuwa nakudanganya."

Nilienda Lupaso kwenye arobaini nikiwa na uso ule wa dawa. Watu walinitazama mashavu. Nilisikia wakinong'ona kwamba dada amechukua uhai wa kaka. Mjane wake, Mama Zuhura, aliniamkia vizuri, akaniletea mkeka. Kisha akasema, "Wifi, umenenepa." Nilirudi Mkunya na neno hilo, nikakaa nalo miezi.

Vidonge vile vya uvimbe vilipokwisha, uso ulirudi, na siku zangu zikarudi. Sikio la kulia, lililozibwa na ugonjwa, halikurudi, halisikii mpaka leo. Nikaona nisipomwambia wifi ukweli nitaendelea kuugua. Nikashuka tena Lupaso. Nikamkuta anamenya muhogo, nikakaa, nikamwambia yote: mumeo alimeza kila kidonge, mimi nilitema, na niliyepona ni mimi.

Aliendelea kumenya. Halafu akaweka kisu chini.

"Alikuwa na homa kabla hujalazwa," akasema. "Kichwa kilimwuma wiki nzima. Alinikataza nisiseme. Alisema akilala na yeye, wewe utakosa wa kukupeleka. Nikanyamaza, wifi. Nilijua, nikanyamaza."

Tulilia pale, kila mmoja na lake. Sikumlaumu. Siku ya pili yake tulikwenda wote kituo cha afya na wanawe wawili, wakapimwa. Mdogo alikutwa na kifua kikuu. Alianza dawa mapema, amemaliza, na sasa anasoma.

Wenzangu, nyumba ikiwa na mtu anayekohoa muda mrefu, pimeni wote. Kichwa kikikaa wiki, usikifiche, hata kama kuna mgonjwa mwingine unayemwuguza. Sindano ya mgongoni msiiogope. Dawa ikikubadilisha sura, mwambie daktari, usiiteme. Na aliyepona msimwulize amefanya nini, wala wafiwa msiwaulize wamekosea wapi. Ninyi hamjui, na daktari mwenyewe aliniambia hajui.

Nawashukuru walioniuguza, na mama, na muuguzi yule wa kitandani. Nikishukuru Mungu nasema Alhamdulillahi. Wifi yangu akiwa karibu, naisema kwa sauti ya chini.