Tromboni ya Chumba cha Uani

"Mimi sichelewi! Nyinyi ndio mnakimbia kama mmeiba!"

Maneno hayo ni ya kaka yangu. Alikuwa amesimama katikati ya banda la gari la Kiroboto, tromboni mkononi, mate yakimruka. Nyuma ya ngoma mume wangu naye alikuwa ameinuka, vijiti viwili amevinyoosha mbele kama anataka kumtoboa mtu macho.

"Unafanya makusudi," mume wangu akasema. "Na hukuanza leo."

"Makusudi gani, shemeji?"

"Usiniite shemeji hapa. Hapa mimi ni mpiga ngoma."

"Basi piga ngoma, acha mbio."

Kiroboto, mwimbaji wao, akanitazama mimi niliyekuwa mlangoni na birika la chai. Alitaka niseme neno. Nikamimina chai. Huyu tumezaliwa tumbo moja, yule nimeolewa naye. Nikifungua mdomo, lazima kuna mmoja atakayeninunia hadi mwezi uandame.

Kaka akaifuta tromboni, akailaza kwenye sanduku lake taratibu kama mtoto aliyesinzia. "Jumamosi msinitegemee," akasema. "Sipigi mpaka huyu aniombe radhi. Mbele ya watu, kama alivyonivunjia heshima mbele ya watu." Akaondoka na chai yake hajainywa.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Ukumbi wa wafanyakazi wa reli ulikuwa umeuzwa ugeuzwe ghala la saruji, na bendi yao ilikuwa imeruhusiwa kupiga humo mara ya mwisho, mchana, kabla madirisha hayajang'olewa. Walikuwa hawajasimama pamoja jukwaani karibu miaka ishirini. Kwa Kiroboto ilikuwa burudani, kwa mume wangu ilikuwa sifa. Kaka yangu hakuwa amebakiwa na watu wengine duniani wa kusimama nao.

Ni fundi wa mafriji. Watu humwita Bomba, kwa ajili ya tromboni, na kwa ajili ya vipande vya mabomba ya shaba anavyotembea navyo kwapani. Tromboni yenyewe alipewa na mwalimu wake wa zamani ikiwa imebonyea kama sufuria iliyokanyagwa na punda. Akainyoosha mwenyewe, akajifunza mwenyewe, na majirani wakateseka wenyewe.

Siku zile Kiroboto alikuwa ametoka kufanya kazi melini, amerudi na kaseti za muziki ambao sisi hatujawahi kuusikia. Unaitwa ska, tena wameuchanganya na panki. Sisi panki tuliijua kwa kinyozi, hatukujua kama inapigwa na gitaa. Kaka alinieleza jikoni.

"Tembea," akaniambia.

Nikatembea.

"Mguu ukikanyaga, hapo ndipo ngoma. Mguu ukiwa juu, hapo ndipo gitaa linachapa: cha! Sasa tembea haraka, na uwe umekasirika. Hiyo ndiyo ska-panki."

Nikamwambia hivyo ndivyo ninavyokwenda sokoni kila siku, na sijaona anayenipigia makofi.

Wakajiita Miguu Hewani. Walikuwa sita, lakini wengine walikuja na kuondoka. Waliodumu ni hawa watatu. Tai zao nyeusi nilizishona mimi kwa bitana ya koti la marehemu baba, na mama alipogundua aliniita majina ambayo hayajawahi kuandikwa popote. Mara ya kwanza kupiga, waliokuwa nje walidhani ndani watu wanapigana, wakaingia kuamulia, wakajikuta wanaruka. Baada ya hapo wakaitwa ukumbi wa reli, wakawa wa kila Jumamosi. Vijana walikuwa wanaruka mpaka taa zinayumba. Wakazunguka miji mingine kwa lori la unga; walishuka weupe kama mizimu na wakapanda jukwaani hivyo hivyo, watu wakadhani ndiyo mtindo. Wakarekodi kaseti moja kwenye chumba kilichotandazwa mablanketi ukutani. Ikauzwa kwa vinyozi na ikapigwa redioni, na mama, yule yule, akawa anawaambia watu tai zile ni wazo lake.

Tatizo likawa mwendo. Mume wangu, wakati huo mchumba, kila akishangiliwa anaongeza mbio. Nyimbo walizoanza nazo kwa kutembea, sasa wanazipiga kama wanafukuzwa na nyuki. Gitaa linaweza kukimbizana na ngoma, ni vidole tu. Tarumbeta unabonyeza. Tromboni ni mkono mzima, unavuta na kurudisha kama mtu anayepiga pasi shuka. Kaka akawa anafika pale zamu yake imeshaanza kuondoka.

Siku moja ukumbi umefurika, ikaja sehemu yake ya kupuliza peke yake, akaingia amechelewa. Mume wangu akasimamisha ngoma, akavuta kipaza sauti. "Samahani wananchi," akasema, "tromboni imekwama kwenye foleni."

Ukumbi mzima ukacheka. Walikuwepo waliokaa chini kwa kicheko. Kaka akatoka kwa mlango wa jikoni, tai shingoni, na hakurudi. Bendi bila yeye ikajikongoja miezi miwili hivi, ikafa. Kiroboto akaenda kuuza bima.

Mimi mwaka huo huo nikaolewa na mpiga ngoma. Msiniulize. Tukakaa nyumba ya mama, na kaka akawa na chumba chake cha uani, mlango wake ukitazamana na bomba letu la maji. Alikuwa na mke. Mke akapata kazi mbali, simu zikawa fupi, zikaisha. Wanaume wawili, uwanja mmoja, hawasemeshani. Nilipika kwenye sufuria moja, nikapakua sahani mbili, moja ikaenda sebuleni, moja ikavuka uwanja. Walikuwa wakisimama hatua mbili tu, mmoja kutoka kwa mwenzake, huyu ananiambia, "Mwambie shemeji bomba linavuja," na yule ananiambia, "Mwambie nimeliona."

Kila jioni kaka akitoka karakana alikuwa akioga, anavaa shati safi, anakaa kwenye kiti chake, anaweka ile kaseti ya Miguu Hewani kwenye redio yake, anavaa hedifoni, anapiga nayo tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Hedifoni alivaa kwa kutuheshimu. Lakini matokeo yake, sisi wa nje tulisikia yeye tu. Kimya kirefu. Kisha po-po, pooo. Kimya tena. Ilikuwa kama kumsikiliza mtu anaongea kwenye simu, na anayejibu humsikii. Na nyimbo zile za kuruka, zikipita kwake, zilitoka polepole na kwa sauti nzito. Kila mwaka zikazidi kuwa polepole.

"Unamsikia?" mume wangu aliniambia, kijiko hewani. "Ananikejeli. Nyimbo zangu anazipiga kama anazika mtu."

"Kula."

"Nakula vipi na mazishi yanaendelea?"

Mimi nilidhani ni umri tu. Basi ndiyo maana siku ile ya mazoezi kwenye banda la Kiroboto mume wangu alikuwa na donge lake tayari. Kaka alipopuliza, akawa nyuma ya wenzake na chini ya sauti yao, kama mtu aliyekuja kuimba wimbo mwingine.

Jumatano Kiroboto akaja uani na shati lake la ofisini. Mimi nilikuwa nakunja shuka. Mume wangu alikuwa kwenye bomba anaosha baiskeli iliyokuwa safi.

"Bomba, ndugu yangu," Kiroboto akasema mlangoni. "Njoo Jumamosi. Wewe shika tu tromboni, simama nasi. Sehemu zako zitapigwa kwa kinanda."

"Nisimame kama kigogo cha kutundikia nguo?"

"Sasa tufanyeje? Umepoteza mwendo, na sauti imeshuka. Si kosa, ni miaka."

"Miaka?" Kaka akacheka bila furaha. "Napiga na kaseti kila siku ya Mungu. Hii ni sisi wenyewe, haibadiliki. Sikiliza kama mimi ndiye niliyeshuka." Akachomoa waya wa hedifoni.

Redio ikaanza kuimba uwanja mzima. Niliacha shuka.

"Nani huyo anaimba?" Kiroboto akauliza.

"Wewe."

"Mimi? Huyo ana miaka sabini na ana mafua."

Akajaribu kuimba pamoja na sauti yake mwenyewe, ikamshinda. Yeye alikuwa juu, redio iko chini. Mume wangu akaacha baiskeli, maji yanatiririka, akaingia chumba kile ambacho hakuwahi kukanyaga tangu tuoane. Akainamia spika.

"Hizo si ngoma zangu," akasema. "Hizo zinatembea kwa mkongojo."

Kaka akaizima redio. Akachukua bisibisi, akafungua redio. Ndani kuna mpira mdogo unaozungusha kanda. Ulikuwa umelegea kama lastiki ya chupi kuukuu. Ulikuwa ukilegea kidogo kidogo mwaka hadi mwaka, kanda inazunguka polepole zaidi, sauti inashuka, na yeye anaifuata. Tromboni ina kibomba cha nyuma cha kurekebisha sauti. Alikuwa akikivuta nje uzi kwa uzi ili alingane na wenzake, bila kujua wenzake wanazama.

"Fundi mzima!" Kiroboto akasema.

"Friji likiharibika, mwenyewe analileta," kaka akasema. "Hii nani angeniletea?"

Mume wangu akatazama sakafu. Sasa alijua kwamba mtu ambaye yeye alimnunia kwenye kila chakula cha jioni hakuwa akimkejeli. Alikuwa akipiga kwa bidii yake yote, na redio mbovu.

Kaka akatafuta mpira mwingine kwenye kopo lake la vipuri, akaufunga, akabonyeza. Lo! Muziki ukatoka mbio, mwembamba, mkali, wa vijana. Kiroboto akaruka palepale na tumbo lake lote. Mume wangu mguu ukaanza wenyewe. Kisha ikafika sehemu ya tromboni, na kwa mara ya kwanza kaka hakuwa na tromboni mdomoni. Miaka yote alikuwa akipuliza juu ya sauti yake mwenyewe, kwa hiyo hakuwahi kujisikia.

Tukamsikia sote. Yule kijana wa kwenye kaseti aliingia amechelewa. Akakimbizana na wenzake, akawafikia mwishoni. Kiitikio kilichofuata, hivyo hivyo. Na kilichofuata.

Kaka akazima redio. "Naomba mnipishe," akasema.

Jioni hiyo hakupiga. Wala Alhamisi. Uwanja ukawa kimya mpaka nikawa nasikia bomba linavyodondosha. Nilipovuka na sahani nilimkuta kwenye kiti chake, shati safi, hedifoni masikioni, redio imezimwa. Nikamvua hedifoni sikio moja.

"Unasikiliza nini?"

"Hakuna." Akaigusa kaseti kwa kidole. "Hawa siwajui, mdogo wangu. Wale niliokuwa napiga nao walikuwa wananisubiri."

Niliiweka sahani mezani. Kulikuwa na bendi moja duniani iliyokwenda kwa mwendo wake, na ilikuwa ya lastiki iliyolegea. Sasa hata hiyo haipo.

Ijumaa asubuhi nilimsikia mume wangu bafuni. Maji anayamwaga, na katikati ya kumwaga anasema, "Ndugu wananchi, miaka iliyopita, humu humu... hapana. Ndugu wananchi, mimi kama mpiga ngoma..." Alitoka ngozi ya vidole imejikunja.

"Maji yamekwisha?" nikamuuliza.

"Nyamaza," akasema, na hakuwa mkali.

Jumamosi ukumbi ulijaa nusu. Wale vijana wa kuruka sasa wana vipara na magoti ya kulalamika. Walikaa kwanza, wakitafuta viti vyenye migongo. Kiroboto alikuwa akichungulia mlango kila mara. Muda wa kuanza ukafika, kinanda kikawashwa. Ndipo kaka akaingia, kwa mlango ule ule wa jikoni, sanduku mkononi. Ile tai ilikuwa shingoni. Hakumsalimia mtu. Akapanda, akaunga tromboni yake, akakisukuma ndani kile kibomba cha nyuma mpaka kikagota.

Mume wangu akainuka, akaja mbele, akashika kipaza sauti. "Ndugu wananchi," akasema. "Humu humu, mimi niliwahi kusema neno juu ya shemeji yangu..."

Kaka akafunika kipaza sauti kwa kiganja. Waliokaa nyuma hawakusikia kilichofuata. Mimi nilikuwa kiti cha mbele.

"Acha, shemeji."

"Ulisema nikuombe radhi mbele ya watu. Hawa hapa watu."

"Nilichelewa. Nimejisikia mwenyewe, na nyie mmesikia."

"Hata kama. Vile nilivyosema..."

"Vile ulivyosema ulikosea, na umenikosesha watu miaka yote hii. Nimekusamehe. Hunidai, sikudai." Akakiondoa kiganja, kisha akakirudisha. "Nitaingia pale nitakapoweza. Nisipofika, msinisubiri."

Mume wangu akabaki amesimama, hotuba yake nzima bado iko mdomoni, haina pa kwenda. Kisha akageuka, akarudi nyuma ya ngoma, akakaa, akagonga vijiti kuanzisha wimbo kwa mwendo wa kutembea.