Sinia la Vumbi

Daktari amekataza vidonda vya baba visiguswe na maji, kwa hivyo kila adhuhuri namletea kitandani sinia la vumbi kavu kutoka Kililana, ng'ambo ya bara, ili atayamamu kwalo badala ya kutawadha kabla ya kusali. Harufu ya vumbi hilo hunirudisha mbali na Lamu, kwenye mlima wa bara uliowahi kutema moto.

Tulikuwa watatu: baba, mdogo wangu wa kike na mimi. Tulitembea kutwa juu ya mawe meusi yenye matundu, makali hata yakala soli za ndara zetu.

"Nti nzima ni ukoko," baba alisema, akiigonga nchi ile kwa kisigino. "Aliyepika hapa alisahau chungu motoni."

Mdogo wangu akacheka, akajikwaa, na dumu alilobeba likapasuka. Maji yalizama matunduni kabla hatujainama. Ikabaki chupa moja tu, na jua lilikuwa linatua. Ilibidi tulale pale pale.

Baba alisimamisha hema, akatafuta vumbi kati ya mawe, akalipiga kwa viganja, akajipaka uso na mikono. Midomo yake ilikuwa imechanika.

"Kunywa, baba," nilimwambia.

"Sina kiu mimi. Mpe mdogo wako."

Asubuhi alituongoza kuteremka kwa ishara za mkono, maana sauti ilikuwa imemkauka.

Leo amemaliza kusali. Mdogo wangu anamsogezea bilauri ya maji, naye anageuza uso ukutani.

"Wanangu wamekunywa?" anauliza.

"Wamekunywa, baba," namjibu. Ndipo anapotugeukia na kufungua kinywa anywe.