Talaka ya Pampu ya Maji

Baba yangu alimfungia mama talaka kwenye spea za gari. Nalisema jambo hili hivi hivi lilivyo, kwa sababu kila nikijaribu kulieleza kwa upole watu hucheka, na mimi halijawahi kunichekesha.

Duka letu liko Tabora mjini, kando ya barabara ambayo wazee bado wanaiita njia ya misafara, ingawa siku hizi kinachopita hapo ni malori ya tumbaku. Babu aliwaachia wanawe wawili duka hilo moja. Baba na baba mdogo waliuza pamoja spea za kampuni moja ya magari, sitaitaja jina, mpaka baba mdogo alipotaka waongeze na za kampuni ya pili, mpinzani mkubwa wa ile ya kwanza. Baba aligoma kabisa. Wakagombana, baba mdogo akahama, akafungua duka lake ng'ambo ya barabara, na ukutani akachora nembo ya kampuni ya pili, kubwa, inautazama mlango wetu. Baba alikuwa anaamka nayo na kulala nayo.

Asubuhi moja akasimama katikati ya duka, mbele ya wateja, akasema: "Wallahi, siku chuma cha kampuni ile kitakapovuka mlango huu, mama yao hana ndoa kwangu."

Nyumba yetu imeungana na duka, pazia tu limetenganisha. Mama alikuwa nyuma ya pazia anachambua mchele. Alisikia, akaendelea kuchambua.

Kwetu Waislamu hayo si maneno ya hasira yanayopoa na chai. Mume akiifunga talaka kwenye jambo, jambo likatokea, mke ameachika. Asipomrejea ndani ya eda, ile miezi mitatu ya kungoja, basi mke ni huru, na mume akimtaka tena sharti apeleke posa upya kama mtu baki.

Tangu siku ile nikawa mlinzi wa ndoa ya wazazi wangu. Mimi ndiye niliyekuwa nakaa kaunta. Nilikuwa na mpango wa kwenda Mwanza kuanzisha biashara yangu ya nguo, lakini ningemwachia nani mlango ule? Fundi anayekuja na boksi mkononi, utingo anayeomba kuweka mzigo dakika mbili, wote niliwaona kama watu wanaokuja kumtoa mama nyumbani.

Walionitesa zaidi ni wateja wa vijijini. Mtu wa kijijini hanunui spea kwa maneno. Anakuja na ile iliyokufa, imefungwa ndani ya mfuko wa salfeti, anaitandika juu ya kaunta na kusema nipe kama hii.

"Shikamoo baba," nilimwambia mzee mmoja wa Goweko. "Hicho ulichobeba ni cha gari gani?"

"Marahaba, mayu," akajibu, akiniita mama kwa Kinyamwezi. "Cha pikapu ya tumbaku."

"Kampuni gani?"

Akaitaja ile ya pili.

"Simama hapo hapo! Usivuke! Utamwachisha mama yangu!"

Mzee aliganda na salfeti yake barazani. Wateja wengine walivunjika mbavu. Wapo waliofanya mchezo kabisa, anakuja mtu na bolti mkononi, ananyoosha mguu hewani juu ya kizingiti, halafu ananitazama. Nilikuwa nawachukia watu hao, na mpaka leo siwauzii kwa bei nzuri.

Mama naye alifungwa kivyake. Baba alimkataza kuvuka barabara, asije akarudi na kitu kwenye kapu bila kujua. Binti wa baba mdogo alipoolewa, mama alisikiliza vigelegele akiwa uani kwetu, anamenya vitunguu.

Mwaka jana niliagiza pampu za maji kutoka kwa muuzaji wetu wa Dar es Salaam. Maboksi yalikuja na nembo yetu, plastiki ya ndani ina nembo yetu. Nilipoigeuza pampu yenyewe, kwenye chuma, pale ilipomiminwa kiwandani, niliona alama ya kampuni ya pili. Nikafungua boksi la pili, hivyo hivyo. Nikatoka uani kumpigia simu yule muuzaji.

"Umenitumia vitu vya watu wengine!"

"Dada yangu, hao si watu wengine tena," akajibu huku anacheka. "Wameoana. Mmoja kanunua hisa kwa mwenzake, wameingia ubia. Injini ni moja, kiwanda kimoja. Gari ikifika mwisho wa mstari hii inabandikwa nembo hii, ile inabandikwa ile. Kila mmoja kabaki na jina lake tu."

"Tangu lini?"

"Ni siku nyingi. Mwaka juzi ulichukua pampu za mafuta na chujio, si ndio hizo hizo?"

Mwaka juzi. Nilirudi dukani nikatazama rafu moja baada ya nyingine, nikaona hakuna pa kukimbilia. Nikisema, navunja nyumba. Nikinyamaza, wazazi wangu wanaishi pamoja bila ndoa na dhambi naibeba mimi. Nililia kwa hasira. Watu wa mbali, wasioijua hata Tabora iko wapi, wamepeana mikono mezani kwao huko, na mama yangu ameachika.

Nikachukua tupa, nikaanza kusugua zile alama. Upumbavu, najua, lakini mkono ulitaka kazi. Ndipo mama alipoingia na chai na sahani ya matobolwa, vile viazi vitamu vikavu, akaona ungaunga wa chuma mezani.

"Unafanya nini?"

Nilishindwa kumdanganya, nikamweleza yote. Nilingoja apige yowe. Alikaa juu ya dramu la oili, akauliza, "Tangu lini?"

"Mwaka juzi."

"Basi eda imepita zamani," akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetua mzigo.

Baba aliporudi kula alimkuta amejitanda ushungi mpaka kwenye nyusi, kama anavyojitanda mbele ya mpita njia. Chakula alikiweka mezani, yeye akakaa mbali, akamwambia sababu bila kumtazama usoni. Baba alianza kwa kufoka. Kisha akaiona pampu, akakaa kitako.

Kesho yake nilikwenda na baba kwa shehe. Wote wawili walitaka niende, baba kwa sababu nilijua habari za kampuni, mama kwa sababu alitaka mtu wa kumletea maneno yalivyo. Nilieleza kadiri nilivyoweza: kampuni zimeoana, huyu ana hisa kwa yule, yule naye anamuundia huyu injini.

"Sasa nani mume hapo?" shehe akauliza.

"Hata wao sidhani kama wanajua," nikasema.

Akamgeukia baba. "Ulipoapa, ulikusudia nini? Chuma, nembo, au mwenye kampuni?"

Baba alitazama mkeka. "Nilimkusudia mdogo wangu."

"Mali ya mdogo wako imeingia dukani?"

"Haijaingia."

"Na hukujua kuwa vitu vimechanganyika?"

"Wallahi..."

"Acha kuapa!" shehe akamkemea. "Kuapa ndiko kulikokuleta hapa. Ndoa yako ipo. Rudi nyumbani, na usimchezee tena mke wako kwa ulimi."

Baba alitoka amechangamka, njiani akapita buchani kununua nyama. Mimi nilimkimbilia mama jikoni. Nilidhani nampelekea furaha.

"Ndoa ipo, mama. Haikutoka."

"Amesema hivyo?"

"Ndivyo alivyosema."

Aliuvua ushungi taratibu, akaukunja, akauweka juu ya kinu. Niliona machozi yamemjaa.

"Mimi niliposwa kwetu Kigwa," akasema. "Walikuja wanaume, wakajibiwa na wanaume. Nilikuwa nakoroga uji, nikaambiwa jioni. Safari hii ingembidi aniulize mwenyewe."

"Ungemjibuje?"

"Ningemwambia angoje nifikiri." Akajifuta macho. "Angengoja, mwanangu. Ningemwacha angoje."

Baba akaita kutoka sebuleni, anauliza kama nyama imeshabandikwa.

"Abee," mama akaitika, akachukua kisu.