Siku Niliyoirudisha Mikono ya Afande Ocen Kanisani

Kuna watu Makindye ambao mpaka leo wakinisalimia wanatazama kifua changu kwanza, ndipo wanapanda usoni, na siwalaumu, kwa sababu kifua hicho walikiona kikiwa wazi saa tisa mchana mbele ya kanisa, na mwenye kifua akiwa anakemea mapepo. Nitaeleza. Ni aibu yangu, na afadhali niisimulie mwenyewe kuliko mkaisikie kwa Ssalongo, mlinzi wa kanisa, ambaye kila akiisimulia ananivua nguo moja zaidi.

Mimi ni Mkenya, natokea Kakamega, kazi yangu hapa Kampala ni kutengeneza vinanda na vipaza sauti, na Jumapili napiga kinanda katika kanisa dogo juu ya mlima wa Makindye, si mbali na kambi ya jeshi. Kiti hicho nilikirithi kwa marehemu. Aliyekuwa akikikalia ni Afande Ocen, Mwacholi, mwanajeshi wa bendi, na mimi sikumkuta hai, nilimkuta midomoni mwa watu. Kila nikimaliza ibada kuna mtu atakuja kunipa mkono na kusema, kwa upole kabisa, kwamba pale katikati Ocen alikuwa anapunguza mwendo. Basi mwaka mzima nimekuwa nikipiga kama mgeni aliyekalia kiti cha mwenye nyumba.

Huyu Ocen aliacha visanduku vitatu vya sauti. Kwa msiovijua, ni visanduku vyeusi, bapa, visivyo na vibonye vya kupigia. Unakiunganisha kimoja na kinanda kwa waya, kinanda kinatoa amri, kisanduku kinatoa sauti, iwe piano, tarumbeta, au hata watu wakiimba "aaa". Vya zamani kila kimoja kilikuwa na piano yake, yenye tabia yake, na wako watu duniani wanaopenda kurekodi wimbo mmoja kupitia kisanduku kimoja baada ya kingine ili kulinganisha. Mimi ni mmoja wao (mke wangu anasema ni ugonjwa, na hajakosea sana).

Nikamwendea mjane wake, Mama Aber, nikamwomba aniazime. Alivitoa chini ya kitanda vikiwa vimefungwa kwa shuka, ndani ya sanduku la bati la kijeshi.

"Chukua, mwanangu. Hivi vinakufa tu hapa," akasema. "Lakini ile disketi iko ndani, usiiguse. Hiyo ni yake."

"Sawa, Mama. Siigusi."

Nilisema hivyo na nilimaanisha, kwa takribani siku mbili.

Jumanne nikaenda kanisani, maana kule ndiko kuna kinanda cha zamani chenye mdomo wa kusomea disketi, na kuna chumba kidogo cha mitambo kando ya madhabahu, kimetengwa kwa pazia. Nikafunga madirisha ili kelele za boda zisiingie, nikazima feni isije ikasikika kwenye rekodi, na joto likawa joto, nikavua shati nikalitundika kwenye msumari. Nikavaa vipokea sauti masikioni. Kila kitu tayari, nikagundua kwamba wimbo wa majaribio nilioutengeneza nimeusahau nyumbani. Ningeweza kurudi. Ni mwendo wa dakika ishirini tu. Lakini disketi ilikuwa pale pale kwenye sanduku la bati, ina karatasi iliyoandikwa kwa kalamu "Ocen", na nikajiambia kuicheza si kuigusa hasa.

Hapa lazima mjue kitu kimoja. Zile amri za kinanda, ambazo sisi tunaziita midi, na ndizo zilizokuwa kwenye disketi, hazihifadhi sauti hata kidogo. Zinahifadhi vidole: ni kibonye gani kilibonyezwa, kwa nguvu gani, kikaachiwa lini. Kwa hiyo ukizicheza husikii kumbukumbu ya mtu. Unasikia mikono yake inapiga sasa hivi, mbele yako, ila yeye hayupo.

Wimbo ulikuwa wa taratibu, sikuujua. Katikati mkono wa kulia ulisita, kama mtu anayekumbuka jina, halafu ukaendelea. Nilipata baridi mgongoni na joto lile lote. Nikarekodi kisanduku cha kwanza, piano nyembamba. Nikarekodi cha pili, piano nzito yenye giza, na pale pale, mkono ukasita. Nikajikuta nakitazama kiti cha mpiga kinanda. Nilikuwa nimekisogeza pembeni ili nipite, na kilikuwa bado pembeni, lakini nilikitazama.

Cha tatu sikukiwekea piano. Nikakiwekea sauti za watu (sijui kwa nini, nadhani nilitaka kuona). Ikaanza ile "aaa", ya wanaume na wanawake ambao hawakuwahi kuwapo, wakiongozwa na vidole vya maiti, nami nimefumba macho, na walipofika pale pa kusita, kukawa kimya, na ndani ya kimya hicho, masikioni mwangu, karibu kabisa, mwanamke akasema:

"Ocen. Ni wewe?"

Jamani, mimi ni fundi. Najua waya uendako na utokako. Lakini miguu haikungoja ufundi, ilisimama ikakimbia, nikapitia mlango wa pembeni nikiwa na vipokea sauti kichwani na waya unaburuta nyuma yangu kama kamba ya mbuzi, kifua wazi, nakemea kwa jina la Yesu kwa sauti yote niliyopewa.

Nje kulikuwa na watu kama hamsini.

Walikuwa wamesimama kimya uwanjani, wamama wa kwaya, waendesha boda wamezima pikipiki, askari wawili wenye magwanda wamevua kofia. Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililoniogopesha zaidi. Na juu yao, kutoka kwenye spika za bati zenye umbo la tarumbeta zilizo kwenye paa la kanisa, wale watu wasiokuwapo walikuwa bado wanaimba, na mlima mzima ulikuwa unawasikiliza.

Swichi ya spika za nje, taa yake iliungua zamani. Mimi niliona haiwaki, nikajua imezimwa. Tangu mwanzo, mara tatu, Makindye ilikuwa inamsikia Afande Ocen akipiga wimbo aliokuwa akiupiga watu wakitoka ibadani kila Jumapili, na kusita kule kule, kwa sababu kidole chake kimoja kiliumia kazini na kila mtu alikijua.

Ssalongo alikuja mpaka karibu, akaninong'oneza kwa Kiswahili chake kilichochanganyika na Kiganda, "Ssebo, wewe naita mtu ya kufa na spika?"

Mchungaji naye alinitazama juu mpaka chini. "Brother," akasema, "shati lako liko wapi?"

Lakini nilikuwa nimeshaelewa ile sauti ya mwanamke ilitoka wapi. Kipaza sauti cha mimbarini kilikuwa kimeachwa wazi tangu Jumapili, na mtu alikuwa ameingia kwa mlango mkubwa akakisogelea. Nikarudi ndani. Mama Aber alikuwa amesimama mbele ya madhabahu, ameshika kitenge chake kwa mikono miwili, anatazama lile pazia. Ningemkuta amekasirika ningeshukuru. Usoni mwake kulikuwa na matumaini, na yalipokutana na mimi, nusu uchi, natoka jasho, yakaondoka, nami niliyaona yakiondoka.

"Ni wewe," akasema.

"Nisamehe, Mama. Niliigusa."

Alikaa kwenye benchi. Halafu akaniambia nivae shati, nizime spika za nje, na niucheze tena mpaka mwisho, kwa piano, yeye na mimi tu. Nikaucheza. Hakulia. Ulipokwisha aliitoa disketi kwa mkono wake mwenyewe, akaifunga kwenye ncha ya kitenge, akaondoka bila kuniaga.

Jumapili niliomba radhi mbele ya kanisa zima, kwa Kiswahili, na Mchungaji akatafsiri kwa Kiganda, kwa hiyo niliaibika kwa lugha mbili. Visanduku nilivirudisha.

Rekodi ninazo bado. Siku moja nilizipanga kwenye kompyuta, moja chini ya nyingine, kama kazi yenyewe inavyotaka. Ya kwanza na ya pili zinalingana nukta kwa nukta, maana mashine haijui kuchelewa. Ya tatu inalingana nazo mpaka pale Mama Aber anaposema jina. Hapo kimya kinarefuka kuliko katika zile mbili, kiasi cha mtu kuvuta pumzi, ndipo vidole vinaendelea. Disketi ilikuwa imechoka, fundi yeyote atakwambia hivyo, na mimi ni fundi. Sijamwambia Mama Aber, na sijui kama kunyamaza kwangu ni huruma au ni woga. Ninachojua ni kwamba mtu akiniambia kitu hiki usikiguse, sasa hata sikitazami, na rekodi ile ya tatu sitaisikiliza tena.